Selous, Mwindaji Aliyezikwa Behobeho

1. Alama tatu za vita moja

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, pana sanamu ya askari. Askari huyo ameshika bunduki yenye singe. Singe hiyo imeelekea upande wa bandari. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1927. Ni alama ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 hadi mwaka 1918.

Ukitoka hapo ukaenda upande wa magharibi, utafika Kariakoo. Hapo watu hununua mchele, dagaa, vitunguu, nguo na majembe. Wachukuzi hupita na mizigo kichwani, na wengine husukuma mikokoteni. Kariakoo nayo ni alama ya vita hiyo hiyo. Jina lake lilitokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps. Maana yake ni kikosi cha wapagazi. Watu waliyatamka maneno hayo kwa Kiswahili, yakawa Kariakoo.

Alama ya tatu haiko mjini. Iko porini, mahali panapoitwa Behobeho, kaskazini ya Mto Rufiji. Ni kaburi la Mwingereza aliyeitwa Frederick Courteney Selous. Waingereza hulitamka jina hilo Selu. Alikuwa mwindaji mashuhuri. Pori kubwa la kusini mwa nchi yetu lilipewa jina lake.

Mtu huyu alikuwa nani? Alipangaje mawindo yake? Ni nani waliomsaidia? Na maisha yake yanatufundisha nini sisi tunaoishi karibu na wanyama? Hayo ndiyo tutakayosoma.

2. Mtoto aliyelala sakafuni

Selous alizaliwa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu mwenye mali. Mama yake alipenda hadithi na mashairi. Nyumba yao ilikuwa mjini, lakini mtoto alipenda mashamba na misitu. Alipenda kutafuta mayai ya ndege na kuwatazama wanyama.

Alisoma vitabu vya wasafiri waliofika Afrika. Akataka kuwa kama wao. Siku moja shuleni alikutwa amelala sakafuni usiku, hali kitanda chake kipo. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba anajizoeza. Alijua kwamba mwindaji wa Afrika hulala chini.

Mwaka 1867 alinusurika kufa. Wakati wa baridi kali, maji ya ziwa huko Ulaya huganda yakawa barafu. Watu huteleza juu ya barafu hiyo kwa kucheza. Mwezi Januari mwaka huo, watu wengi walikuwa wakicheza juu ya ziwa katika bustani moja ya London. Ghafla barafu ilipasuka. Watu 40 walikufa. Selous alikuwa na umri wa miaka 15. Yeye hakupiga kelele wala hakukimbia. Alilala kifudifudi ili uzito wake usiwe mahali pamoja. Akatambaa polepole toka kipande hiki cha barafu hadi kingine, mpaka akafika ukingoni.

Wazazi wake walitaka awe daktari. Wakampeleka kusoma Uswisi na Ujerumani. Lakini moyo wake haukuwa katika udaktari. Mwezi Septemba mwaka 1871 alishuka melini Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 19, na mfukoni alikuwa na pauni 400.

3. Mbele ya Mfalme Lobengula

Mwaka 1872 Selous alisafiri kwenda kaskazini, mpaka nchi ya Wandebele. Leo nchi hiyo ni sehemu ya Zimbabwe. Mfalme wa Wandebele aliitwa Lobengula. Makao yake yalikuwa Bulawayo.

Katika nchi hiyo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuwinda bila ruhusa ya mfalme. Wanyama walikuwa mali ya nchi, na mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Kwa hiyo Selous alikwenda kumwomba ruhusa awinde tembo. Lobengula alimtazama, akamwona ni kijana mdogo asiye na ndevu. Akamcheka. Akamwuliza kama hakuja kuwinda dondoro, yaani swala mdogo kuliko mbuzi. Hata hivyo alimpa ruhusa.

Selous hakuwa na bunduki nzuri. Aliyokuwa nayo iliibiwa njiani. Basi alinunua magobore mawili. Gobore ni bunduki inayojazwa baruti na risasi kwa mdomoni. Magobore hayo yalikuwa mazito, na kila risasi ilikuwa na uzito wa robo ratili. Yalipolia yalimpiga begani kwa nguvu. Mara nyingine yalimwangusha chini.

Mwalimu wake porini alikuwa Mwafrika. Aliitwa Cigar, mtu wa kabila la Wakhoikhoi. Cigar alikuwa mwindaji hodari. Selous alitembea naye, akala naye, akajifunza kwake namna ya kumfuata tembo kwa miguu. Baadaye alipoandika kitabu, alimsifu mtu huyo.

Aliporudi Bulawayo alikuwa na pembe za ndovu. Lobengula alishangaa. Hakumwona tena kama mtoto. Katika miaka mitatu, tangu 1872 hadi 1874, Selous aliua tembo 78. Karibu wote aliwaua akiwa anatembea kwa miguu.

4. Siku alizopotea

Ushujaa peke yake hautoshi. Selous alilijua jambo hilo mapema.

Katika safari yake ya kwanza, siku moja alipanda farasi akawafukuza twiga. Aliwafukuza mbali sana. Alipogeuka, hakuwaona wenzake. Hakuijua njia ya kurudia kwenye magari yao yaliyokokotwa na maksai.

Hakuwa na chakula. Hakuwa na maji wala blanketi. Usiku kulikuwa na baridi kali. Alijaribu kuwasha moto kwa baruti, akashindwa. Kisha farasi wake akapotea pia. Alitembea kwa miguu siku baada ya siku, huku kiu ikimtesa. Mwisho aliwafikia wenyeji. Aliwapa kisu chake, nao wakampa maziwa ya mbuzi. Maziwa hayo ndiyo yaliyomwokoa.

Hapo tunaona jambo kubwa. Mnyama hakumshinda Selous. Bunduki haikumshinda. Kilichomshinda ni kuondoka bila mpango. Mwindaji anayetazama mnyama tu, asitazame jua, maji na njia ya kurudi, huweza kuwa yeye mwenyewe mawindo ya kiu.

5. Mpango wa mawindo

Watu wengi hudhani Selous aliwinda tembo tu. Sivyo. Chakula cha kila siku cha msafara wake kilitokana na wanyama wa jamii ya swala. Hao ni pofu, palahala, korongo, tandala, nyumbu na kongoni. Baadhi yao hupenda mbuga zilizo wazi. Kuwinda katika mbuga wazi ni kazi ngumu. Hakuna miti ya kujificha. Mnyama humwona mtu tangu mbali. Kwa hiyo mpango ulitangulia bunduki.

Kwanza, ruhusa. Selous aliomba ruhusa kwa mwenye nchi. Naye mfalme hakuwa na mchezo. Wakati mmoja Selous na wazungu wengine walishitakiwa mbele ya Lobengula kwa ajili ya viboko waliouawa. Selous alitozwa faini, akalipa.

Pili, majira. Wakati mzuri wa kuwinda ulikuwa kiangazi. Wakati wa masika nyasi huwa ndefu, mito hujaa, na homa huwa nyingi. Wakati wa kiangazi nyasi huwa fupi au zimeungua. Maji hubaki mahali pachache. Wanyama hukusanyika karibu na maji hayo. Mwindaji anayejua maji yalipo, anajua pia wanyama walipo.

Tatu, kambi. Kambi iliwekwa mahali ambapo watu watapata maji na kuni. Lakini haikuwekwa kando kabisa ya maji ya wanyama. Wanyama wakinusa moshi na harufu ya watu, huhama.

Nne, mbung'o. Palipo na mbung'o, farasi na maksai hufa. Kwa hiyo Selous aliyaacha magari na farasi nje ya nchi ya mbung'o. Akaingia kwa miguu pamoja na wapagazi. Hakuvaa suruali ndefu wala buti nzito. Alivaa shati, kofia na mkanda, miguu ikiwa wazi, ili aweze kukimbia. Mahali pasipo na mbung'o, aliwinda juu ya farasi.

Tano, upepo. Swala ana macho mazuri, lakini pua yake ni nzuri zaidi. Mwindaji huchukua vumbi au majivu kidogo, akayaachia yaanguke. Yakipeperuka kuelekea kwa mnyama, mwindaji hana budi kuzunguka. Lazima upepo utoke kwa mnyama uje kwa mtu. Kisha mwindaji hunyatia. Huinama nyuma ya kichuguu, hutambaa katika nyasi, husimama kimya mnyama anapoinua kichwa. Selous alipiga risasi alipokuwa na hakika. Mnyama aliyejeruhiwa alifuatwa kwa nyayo zake na kwa matone ya damu. Kazi hiyo ya kufuata nyayo ilifanywa zaidi na Waafrika aliokuwa nao. Macho yao yalisoma ardhi kama sisi tunavyosoma kitabu.

Sita, nyama. Pofu dume huweza kupita uzito wa kilo 700. Nani atabeba nyama yote hiyo? Wawindaji wa farasi walikuwa na akili moja. Pofu ana mafuta mengi, huchoka upesi. Walimfukuza polepole kuelekea upande wa kambi, na kumwua alipofika karibu. Kwa namna hiyo nyama haikubebwa mbali. Nyama nyingine ilikatwa vipande virefu vyembamba, ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Nyingine ilipelekwa vijijini, ikabadilishwa kwa nafaka.

Ukiyatazama mambo hayo sita, utaona kwamba kupiga risasi ni sehemu ndogo sana. Kazi kubwa ni ujuzi. Na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa ya wenyeji. Wao ndio waliojua maji, njia, upepo na tabia za wanyama.

6. Wanyama wanapungua, nchi inachukuliwa

Mwaka 1881 Selous alitoa kitabu juu ya safari zake. Kitabu hicho kilisomwa sana Uingereza. Ndani yake aliorodhesha wanyama aliowaua tangu mwaka 1877 hadi 1880. Walipita 500.

Wakati huo tembo walikuwa wamepungua sana katika nchi ya Wandebele. Wawindaji walikuwa wengi, na bei ya pembe ilikuwa nzuri. Kila mmoja aliua, hakuna aliyehesabu waliobaki. Selous mwenyewe aliona kwamba mtu hawezi tena kuishi kwa kuwinda tembo. Akaanza kazi nyingine. Aliwinda wanyama wa aina mbalimbali, akauza ngozi na mafuvu yao kwa majumba ya makumbusho. Aina moja ya nzohe, swala anayeishi katika maji na matete, imepewa jina lake.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari. Mwaka 1888 alisafiri kaskazini ya Mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Usiku mmoja kambi yake ilishambuliwa. Watu wake 12 waliuawa. Selous alikimbilia katika nyasi ndefu, akatembea peke yake siku nyingi mpaka akapona.

Mwaka 1890 alifanya jambo ambalo hatuwezi kulificha. Kampuni moja ya Waingereza, iliyoongozwa na Cecil Rhodes, ilitaka kuichukua nchi ya Washona. Selous alizijua njia zote, kwa sababu alikuwa amewinda huko miaka mingi. Akawa kiongozi wa njia wa msafara wa watu wenye silaha. Mwezi Septemba mwaka huo walipandisha bendera ya Uingereza mahali ambapo leo ni mji wa Harare. Njia alizoonyeshwa na wenyeji kwa ajili ya mawindo, zilitumika kuwanyang'anya wenyeji nchi yao. Mwaka 1893 ufalme wa Lobengula ulivunjwa. Mwaka 1896 Wandebele na Washona waliasi, na Selous alipigana upande wa Waingereza. Zimbabwe ilipata uhuru wake mwaka 1980.

7. Safari ya Rais wa zamani

Selous alioa mwaka 1894. Akajenga Uingereza, karibu na London. Karibu na nyumba yake alijenga chumba kikubwa cha kuwekea vichwa na pembe za wanyama. Lakini hakuacha kusafiri.

Alikuwa na rafiki Mmarekani, Theodore Roosevelt. Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani mpaka mwezi Machi mwaka 1909. Alipotoka madarakani alitaka kuja Afrika ya Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya nchi yake. Selous alimsaidia kupanga safari hiyo kwa barua. Walishauriana juu ya majira, bunduki, chakula, dawa na watu wa kuajiri. Mwezi Aprili mwaka 1909 walifika Mombasa katika meli moja. Kisha kila mmoja akashika njia yake.

Roosevelt alianzia mbuga za Kapiti, karibu na reli ya Mombasa na Nairobi. Hizo ni mbuga wazi zenye nyumbu, kongoni, pundamilia na swala. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, masanduku ya vitabu, na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama 512. Pamoja na ndege, samaki, nyoka na wanyama wadogo, msafara huo ulikusanya vitu zaidi ya 11,000.

Kwa kawaida mpagazi wa siku zile alibeba mzigo wa karibu kilo 27. Majina ya wawindaji yaliandikwa vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa.

8. Vita na wapagazi

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Selous alikuwa na umri wa miaka 62. Alitaka kwenda vitani, wakamkataa kwa sababu ya uzee. Hakukata tamaa. Mwaka 1915 alipokelewa katika kikosi kimoja cha Waingereza kilichokuja Afrika ya Mashariki. Mwezi Mei kikosi hicho kilishuka Mombasa. Mwezi Juni Selous alikuwa katika mashambulizi ya Bukoba. Vijana wengi waliugua na kurudishwa kwao, lakini mzee huyu aliendelea kutembea. Mwaka 1916 alipewa nishani ya ushujaa.

Mwezi Septemba mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Rufiji. Waingereza waliwafuata. Lakini katika nchi ile hapakuwa na reli wala barabara nzuri. Mbung'o waliua farasi, punda na maksai. Malori yalikwama katika matope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu.

Basi Waafrika walikusanywa kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu. Walitolewa mashambani mwao, wakati wengine wanalima na wengine wanavuna. Walibeba risasi, mahindi, mchele na majeruhi. Wengi walilala bila hema katika mvua. Chakula kilikuwa kidogo, na mara nyingine kilikuwa kigeni kwao. Waliugua kuhara, malaria na homa ya mapafu. Hesabu ya serikali ya Waingereza ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na wengi wao pia walikufa.

Mjini Dar es Salaam, kambi ya wapagazi wa Waingereza ilikuwa mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Vita ikaisha, kambi ikaondoka, soko likarudi. Jina la kikosi likabaki mpaka leo.

Mwanzoni mwa Januari mwaka 1917, kikosi cha Selous kilikuwa Behobeho. Tarehe 4 Januari kulikuwa na mapigano. Selous aliwaongoza askari wake mbele. Alikuwa akitafuta kwa macho mahali walipojificha askari waliokuwa wakiwapiga. Risasi ilimpata, akafa pale pale. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu atimize miaka 65. Alizikwa hapo hapo, chini ya mkwaju. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 4 Januari 1918, mwanawe naye aliuawa vitani huko Ulaya. Alikuwa rubani wa ndege.

9. Pori lenye jina lake

Tangu wakati wa Wajerumani, sehemu za nchi hiyo ya Rufiji zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya wanyama. Wenyeji waliziita Shamba la Bibi. Waingereza waliunganisha mapori hayo, na mwaka 1922 wakalipa pori hilo jina la Selous. Baadaye liliongezwa, likafikia kilomita za mraba zipatazo 50,000. Mwaka 1982 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ya kaskazini ilifanywa hifadhi ya taifa, ikapewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Kaburi la Behobeho sasa limo ndani ya hifadhi hiyo.

Lakini jina la mwindaji halikuwalinda wanyama. Mwaka 1976 tembo wa pori hilo na maeneo yanayolizunguka walihesabiwa. Walikuwa karibu 109,000. Mwaka 2013 walihesabiwa tena. Walikuwa karibu 13,000. Majangili waliua wengi kwa ajili ya pembe. Yale yaliyotokea katika nchi ya Lobengula yalitokea tena kwetu. Watu waliua bila ruhusa na bila kuhesabu.

Kuna njia nyingine. Kuanzia mwaka 1988, mradi wa hifadhi ulishirikisha vijiji vinavyopakana na pori hilo. Vijiji viliunda kamati za wanyamapori na kuchagua askari wa wanyamapori wa kijiji. Kila kijiji kilipewa mgao wake kwa mwaka, kama vile nyumbu na nyati kadhaa. Askari wa kijiji waliwinda idadi hiyo, wasizidishe. Nyama iliuzwa kwa wanakijiji kwa bei nafuu, na fedha zikaingia katika mfuko wa kijiji. Mawindo ya namna hiyo yalikuwa na mambo ambayo wawindaji wa zamani walikosa. Yalikuwa na kiasi. Tena faida yake ilibaki kwa wenye nchi.

Leo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni. Hata swala mmoja anayekula kunde shambani hawezi kuuawa kwa nyama tu na mtu asiye na kibali. Mwenye shamba hutoa taarifa kwa serikali ya kijiji au kwa afisa wanyamapori. Watu wengine huona sheria hiyo ni ngumu, hasa wanapopoteza mavuno. Uchungu wao ni wa kweli, na inafaa wauseme katika mkutano wa kijiji. Huko ndiko mipango mizuri inakoanzia.

Selous alikuwa mtu jasiri, mvumilivu na mwenye kupanga. Katika hayo anafaa kuigwa. Aliomba ruhusa, akatazama upepo, akawasikiliza waliojua zaidi yake. Lakini alihesabu wanyama aliowaua, si wale waliobaki. Na ujuzi aliopewa na wenyeji aliutumia kuwasaidia walioichukua nchi yao. Kaburi lake lina jiwe na jina. Wapagazi waliokufa katika vita ile ile wengi hawana kaburi linalojulikana. Jina lao la pamoja hutajwa kila siku na makondakta wa daladala wanaoita abiria wa Kariakoo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Selous alipopotea porini alikosea nini?
2. Taja mambo sita yaliyokuwa katika mpango wa mawindo. Lipi ni muhimu zaidi? Kwa nini?
3. Jina la Kariakoo lilitoka wapi?
4. Kwa nini katika vita ya Rufiji mizigo ilibebwa na watu?
5. Je, kuna wazee kijijini kwenu waliosikia habari za wapagazi wa vita hiyo kutoka kwa babu zao? Waulizeni, mkaandike majina watakayoyataja.
6. Wanyama wakiharibu mashamba kijijini kwenu, ni hatua gani mnaweza kupanga pamoja bila kuvunja sheria?